MIZANI YA ANGANI: MAISHA YA PROFESA LUIGI BROGLIO

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Ukimtajia Mkenya mji wa Malindi, wazo la kwanza litakalomjia ni Vasco da Gama. Na si ajabu, kwani tangu shule ya msingi tumekaririshwa kwamba Mreno huyo alitia nanga Malindi mwaka 1498, akapewa rubani wa kumwelekeza Bara Hindi. Lakini yupo mgeni mwingine aliyefika ufuo ule, tena si zamani sana, ambaye wengi wetu hatujapata kumsikia. Da Gama alitaka kuonyeshwa njia juu ya maji. Mgeni huyu alishughulika na njia za juu zaidi, zile za setilaiti. Jina lake ni Luigi Broglio, na maisha yake ndiyo ninayotaka kukusimulia katika kurasa hizi.

Huenda ukajiuliza, mwanafunzi wa shule ya kutwa huku Osieko, ukingoni mwa Ziwa Victoria, ana habari gani na Mwitaliano wa Malindi? Tulia, ndugu yangu. Haraka haraka haina baraka. Nitafika huko.

KUZALIWA NA MASOMO

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, kando ya mji wa Venice nchini Italia. Venice ni mji uliojengwa majini, na tangu zamani watu wake ni mabaharia. Mtakatifu mlinzi wa mji huo ni Marko, ambaye kwa Kiitaliano huitwa San Marco. Lishike jina hilo kwa maana utakutana nalo tena.

Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Roma, akahitimu mwaka 1934. Baadaye alijiunga na jeshi la wanahewa akiwa mhandisi. Vikaja Vita vya Pili vya Dunia, Italia ikashindwa, na nchi ikabaki maskini na yenye majengo mengi yaliyobomoka. Broglio akashika chaki. Katika miaka ya 1950 alikuwa mkuu wa shule ya uhandisi wa ndege katika chuo chake, akimrithi mzee Gaetano Arturo Crocco, mmoja wa waanzilishi wa elimu hiyo nchini mwao. Mwaka 1956 alianzisha uwanja wa kurushia roketi huko Salto di Quirra, katika kisiwa cha Sardinia. Tafadhali zingatia mwaka huo. Wakati ule hapakuwa na nchi yoyote duniani iliyokuwa imerusha setilaiti. Waama, mwenye kuona mbali hajengewi ngazi.

MLIO KUTOKA JUU

Tarehe 4 Oktoba 1957 Warusi walirusha setilaiti ya kwanza, Sputnik. Ilikuwa inazunguka dunia ikitoa mlio wa redio, na watu kila mahali wakaanza kuitegea sikio. Huko Marekani, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, wanafizikia wawili, William Guier na George Weiffenbach, waliona jambo. Mlio ule ulikuwa mwembamba setilaiti ilipokuwa inakuja, kisha ukawa mzito ilipokuwa inaondoka.

Jambo hili hata wewe unalijua. Simama kando ya barabara ya Malaba siku malori yanapopita. Lori likija huku linapiga honi, honi inalia juu. Likishakupita tu, honi ile ile inashuka. Dereva hajabadilisha kitu. Ni mwendo ndio uliobadilisha mlio. Guier na Weiffenbach walipima vile mlio ulivyobadilika, wakakokotoa kwa tarakilishi njia yote ya Sputnik angani. Mwaka 1958 mkubwa wao, Frank McClure, akaligeuza swali. Ikiwa mtu aliyesimama mahali panapojulikana anaweza kuijua njia ya setilaiti, basi mtu anayeijua njia ya setilaiti anaweza kujua amesimama wapi!

Kutokana na wazo hilo ikazaliwa Transit, mfumo wa kwanza wa setilaiti wa kuongoza meli. Setilaiti yake ya kwanza kufika angani ilirushwa Aprili 1960. Jeshi la wanamaji la Marekani likaanza kuutegemea mwaka 1964, na mwaka 1967 meli za kawaida zikaruhusiwa kuutumia.

Hebu tuingie ndani ya meli tuone kazi yenyewe. Tarakilishi za mwanzo zilikuwa kubwa kama kabati, na akili yake ilikuwa ndogo kuliko ya simu ya mkononi ya leo. Baharia aliiambia meli inadhaniwa iko wapi, inakwenda mwendo gani na inaelekea upande upi. Tarakilishi ikakokotoa ni saa ngapi setilaiti itakayofuata itachomoza, na itapanda juu kiasi gani. Ikipita karibu sana na utosi au chini sana karibu na upeo wa macho, vipimo vyake haviaminiki. Setilaiti ilipopita, kwa muda wa dakika kumi au ishirini hivi, ilitangaza njia yake yenyewe kila baada ya dakika mbili. Tarakilishi ikalinganisha mlio uliosikika na mlio ambao ungesikika kama meli ingekuwa pale ilipodhaniwa. Vikikosana, ilisogeza makisio kidogo, ikakokotoa tena, na tena, mpaka vikapatana. Ndipo latitudo na longitudo zikachapwa kwenye karatasi au kuonyeshwa kwa tarakimu zinazowaka. Kama baharia alidanganya kuhusu mwendo wa meli, hata kidogo tu, jibu lilikosea kwa mamia ya mita.

Tena setilaiti hizo zilipita juu ya ncha za dunia, kwa hiyo njia zao zilikaribiana kule kaskazini na kusini na kuachana huku kwetu kwenye ikweta. Mabaharia wa ikweta ndio waliongoja zaidi kati ya setilaiti moja na nyingine.

KWA NINI JAMBO HILI LINANIGUSA

Sasa nimefika nilikoahidi kufika. Ziwa letu limegawanywa na mpaka wa Kenya na Uganda, lakini mpaka huo hauna ua wala nguzo majini. Usiku kuna maji tu na taa za wavuvi wa omena.

Mwaka 2022 baba yangu mdogo alikuwa ziwani na wenzake wawili. Upepo ulivuma usiku kucha ukawasukuma. Kulipopambazuka, boti ya doria iliwakuta, ikawaambia wamevuka mpaka. Wao walisema hawajavuka. Hapakuwa na mtu aliyeweza kuthibitisha lolote, kwa sababu katika mashua yao hapakuwa na chombo cha kupima mahali. Walirudi nyumbani bila nyavu na bila injini. Binamu yangu alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Ati mita mia chache za maji ziliamua kama mtoto atasoma au hatasoma! Tangu siku ile sijawahi kuona swali la kujua uko wapi kama swali la vitabuni.

HEWA ISIYOONEKANA

Turudi kwa Profesa. Umeona kwamba kila kitu ndani ya meli kilitegemea jambo moja, kwamba njia ya setilaiti ijulikane mapema. Vituo vya nchi kavu viliifuata setilaiti, vikakokotoa itakuwa wapi katika saa zijazo, kisha vikaipelekea ratiba hiyo ili iitangaze. Ratiba ikikosea, meli inakosea.

Na ni nini kinachoharibu ratiba? Kwanza, dunia yenyewe si mviringo kamili, kwa hivyo haivuti setilaiti sawasawa kila mahali. Pili, kuna hewa. Watu wengi hufikiri kwamba ukipanda juu kilomita mia mbili hakuna hewa kabisa. Kumbe ipo, nyembamba mno, lakini setilaiti inakwenda zaidi ya kilomita 7 kwa kila sekunde, na hewa hiyo inaikwaruza siku baada ya siku. Jua likichachamaa, hewa ya juu hupata joto ikavimba, na mkwaruzo unaongezeka. Setilaiti inashuka na kufika mahali kabla ya saa iliyotabiriwa. Setilaiti za Transit zilikuwa juu, kama kilomita 1,100, kwa hiyo ziliguswa kidogo. Zile za chini ziliguswa sana, hata nyingine zikaanguka na kuungua.

Broglio alitaka kuipima hewa hiyo papo hapo ilipo. Akabuni mizani. Umewahi kuona ile mizani ya springi inayotundikwa ufuoni kupimia mbuta? Samaki akivuta, springi inanyooka, na urefu wa kunyooka ndio uzito. Broglio alitengeneza setilaiti ya sehemu mbili, ganda jepesi la nje lenye umbo la mpira, na kiini kizito ndani yake. Viwili hivi viliunganishwa kwa mikono yenye kunepa. Hewa ilipolisukuma ganda, ganda lilisogea kidogo kutoka kwa kiini, na msogeo huo ukapimwa na kutangazwa kwa redio. Akawa amepima kitu ambacho wengine walikihesabu kuwa si kitu. Chombo hicho mpaka leo kinaitwa Mizani ya Broglio.

VISIWA VYA CHUMA NGOMENI

Mizani bila roketi ni bure. Mwaka 1962 Italia na Marekani zilitia sahihi mkataba. Marekani ingetoa roketi za Scout na mafunzo, Italia ingejenga setilaiti na mahali pa kurushia. Mradi ukaitwa San Marco. Umelikumbuka jina? Setilaiti ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa na Waitaliano wenyewe tarehe 15 Desemba 1964 kutoka Wallops Island, Marekani.

Lakini Broglio aliutaka ikweta. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na kwenye ikweta ndiko inakokwenda mbio zaidi, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Mtu akirusha jiwe mbele akiwa juu ya lori linalokwenda, jiwe hupata mwendo wa mkono wake pamoja na mwendo wa lori. Roketi nayo hupata msaada huo bila malipo. Tena mashariki mwa pwani ya Kenya kuna bahari tupu, kwa hiyo vipande vya roketi vikianguka havimpati mtu.

Hapo ndipo mzee akafanya jambo la ajabu. Badala ya kujenga nchi kavu, alichukua majukwaa ya chuma yaliyoelea. Moja lilikuwa la kuchimbia mafuta, likaitwa Santa Rita, kwa jina la mtakatifu anayeombwa katika mambo yasiyowezekana. Jingine lilikuwa la jeshi la Marekani, likageuzwa kuwa uwanja wa kurushia, nalo likaitwa San Marco. Yaliburutwa baharini kama meli zisizo na injini mpaka ghuba ya Ungwana, karibu na kijiji cha Ngomeni kaskazini mwa Malindi. Kisha miguu yao ya chuma ikateremshwa mpaka sakafu ya bahari, yakasimama. Roketi ilikaa jukwaa moja, na wahandisi na mitambo yao wakakaa jukwaa jingine, wameunganishwa kwa nyaya zilizopita chini ya maji. Mwaka 1964 walianza na roketi ndogo za majaribio.

Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 iliruka kutoka Ngomeni. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kwa setilaiti kurushwa kutoka baharini karibu na ikweta. Ilibeba mizani, ikapima hewa ya ikweta, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo hewa ile ile iliyokuwa ikiipima ikaivuta chini ikaungua.

SETILAITI YENYE JINA LA KISWAHILI

Wanachama wenzangu, sehemu hii isomeni mara mbili. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, wafanyakazi wa Broglio walirusha setilaiti ya Wamarekani. Msimamizi wake, mama mhandisi Marjorie Townsend, aliipa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo, na kusaidia kuonyesha kwamba kile kiitwacho Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkubwa hata mwanga hauwezi kutoroka. Kiongozi wa utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Leo mtaalamu wa nyota wa Japani au Ujerumani hulitamka neno la Kiswahili pengine bila kujua kwamba ni letu. Nani bado anasema Kiswahili ni lugha ya sokoni?

Kwa jumla setilaiti 9 zilirushwa kutoka Ngomeni kati ya 1967 na 1988. Ya mwisho iliruka tarehe 25 Machi 1988, nayo pia ilibeba Mizani ya Broglio. Mzee alikuwa na miaka 76, na bado alikuwa anapima.

MWISHO WA SAFARI YAKE

Baada ya hapo urushaji ulikoma. Majukwaa yalibaki yamesimama baharini, yakipigwa na chumvi. Kituo cha nchi kavu cha Ngomeni kiliendelea kufuatilia setilaiti za nchi mbalimbali. Profesa Broglio alifariki mjini Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 89. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Baadaye kituo kile kilipewa jina lake.

Transit nayo ilikuwa imeshastaafu, mwishoni mwa 1996, ikaipisha GPS. Setilaiti za GPS ziko juu sana, karibu kilomita 20,200, ambako mkwaruzo wa hewa hauhesabiki. Lakini setilaiti za chini zimeongezeka kwa maelfu, na kutabiri njia zake ili zisigongane kunahitaji kujua hali ya hewa ile ile nyembamba aliyoipima Broglio.

MAONI YANGU

Nampa Broglio heshima zake, lakini sitaki kumsifu kama kasuku. Kuna swali linalonikereketa. Roketi ziliruka kutoka kwenye maji yetu, na moja ya setilaiti ikabeba jina letu. Sisi tulipata nini? Setilaiti ya kwanza ya Kenya, ndogo sana, iliachiliwa angani mwaka 2018 kutoka kituo cha kimataifa cha anga, na Chuo Kikuu cha Nairobi kiliitengeneza kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Roma, kile kile cha Broglio. Taifa-1 ikafuata Aprili 2023, ikirushwa kutoka California. Kutoka Uhuru mpaka 2018 ni miaka 48! Kukopesha uwanja si sawa na kucheza mpira.

Hata hivyo, sidhani lawama peke yake itatufikisha mbali. Italia ya Broglio ilikuwa imetoka vitani bila kitu. Hakungoja nchi yake itajirike ndipo aanze. Alitwaa jukwaa kuukuu la mafuta, akakopa roketi, akabuni kilichokosekana. Funzo ninalolipata ni kwamba utabiri wowote huanza na kupima. Mganga anayetabiri bila kupima hutuambia tunayotaka kusikia. Mhandisi hupima kwanza, hata kile ambacho macho hayakioni, ndipo aseme kesho itakuwaje.

Hapa Osieko tuna ya kupima. Ziwa limepanda na kufunika mashamba, upepo unabadilika, mpaka unagombaniwa. Baba mdogo sasa ana simu inayoonyesha mahali alipo, na kila usiku huandika kwenye daftari alikotega nyavu, tarakimu za latitudo na longitudo, pamoja na saa. Mimi ndiye niliyemchorea mistari ya daftari hilo. Kwa sasa kurasa zimefika ishirini na tatu. Siku boti ya doria itakapomwuliza tena alikuwa wapi, atakuwa na kitu cha kuonyesha.

Ndugu wasomaji, msikimbie Fizikia na Hisabati mkidhani ni za watu wa mbali. Elimu ni bahari, na sisi wa ziwani hatuogopi maji.